Glandi ya shafti inavuja hata baada ya kukazwa: maji yanatoka wapi hasa?

Mwenye Mashua (Tanga):

Salaam kwenu wanajukwaa.

Nina mashua ya tanga ya faiba, yenye urefu wa mita 10 hivi na injini ndogo ya dizeli ndani. Shafti yake ni ya stenlesi, ya inchi moja, na glandi, yaani kizuizi cha maji pale shafti inapotoka nje ya chombo, ni ile ya kizamani ya bronzi yenye nati kubwa na nati ya kufungia, iliyoshikizwa kwenye bomba la shafti kwa mpira mfupi mnene na klipu. Tangu kaskazi ilipoisha, pampu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) imekuwa ikijiwasha mara kwa mara hata chombo kikiwa kimetulia kwenye boya. Fundi aliyekuja kuitazama alikaza nati, maji yakapungua kwa siku chache, kisha yakarudi. Akakaza tena. Sasa nikitembea na injini kwa nusu saa glandi hupata moto kiasi cha kutoshikika, na maji bado yanaingia.

Wapo walionishauri ning'oe yote na kufunga glandi ya kisasa isiyodondosha kabisa. Kabla sijaagiza kitu, naomba wenye uzoefu wanieleze kama tatizo ni pakini (kamba ya kuzibia iliyomo ndani ya glandi), ni glandi yenyewe, au ni kitu kingine ambacho sikijui.

Fundi Mstaafu:

Ndugu yangu, la kwanza ni kwamba hiyo nati isiguswe tena kwa kukazwa. Ilegeze kidogo leo hii, hata kama matone yataongezeka, kwa sababu kila saa unayotembea na glandi ya moto unaila shafti, na shafti ni ghali kuliko vitu vingine vyote tutakavyovitaja hapa.

Umeeleza mambo mawili ambayo kwa kawaida hayaendi pamoja. Glandi inapata moto, maana yake pakini imebanwa mno na maji hayapiti tena kati yake na shafti; papo hapo maji yanaingia kwa wingi. Ikiwa pakini imebanwa hivyo, basi sehemu kubwa ya maji hayo hayapiti kwenye pakini. Kuendelea kukaza nati katika hali hiyo ni kumkaba koo mwenye kikohozi ili anyamaze.

Glandi ya aina hii imeundwa idondoke. Ndani ya nati kuna pete tatu au nne za kamba iliyosukwa na kushindiliwa nta au mafuta, na ukikaza nati pete hizo hubanwa dhidi ya shafti. Maji machache yanayopita ndiyo yanayolainisha na kupoza. Chombo kikiwa kimesimama, matone yakome au yawe ya nadra sana. Shafti ikizunguka, matone machache kwa dakika yanatosha. Hesabu yake haitishi: matone 20 ni takriban mililita 1, kwa hiyo matone 5 kwa dakika kwa muda wa saa 6 ni kama mililita 90, yaani chini ya kikombe kimoja cha kahawa. Lakini tone moja kila sekunde, usiku na mchana, ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na hapo pampu itaanza kujiwasha na betri itaanza kulalamika. Je, pampu yako hutoa kiasi gani kwa siku? Kama ni ndoo nzima, basi sina shaka kwamba hatuzungumzii pakini.

Maji ya ngama hukusanyika pale palipo chini kuliko pote, na katika mashua nyingi hapo ni chini ya glandi au karibu nayo. Ndiyo maana glandi husingiziwa maji ya kila mtu. Kausha ngama yote kwa sifongo na kitambaa hadi iwe kavu kabisa. Kisha paka unga wa talki, ule wa watoto, juu ya mpira, klipu, bomba la shafti na mahali bomba linapoingia kwenye faiba, na utandike karatasi ya tishu chini yake. Usiwashe injini. Kaa na tochi na kioo kidogo uangalie unga unaanza kulowa wapi. Sehemu ya chini ya mpira haionekani kwa macho bila kioo, na huko ndiko mipira hupasukia.

Ukimaliza hatua hiyo, washa injini huku chombo kimefungwa gatini, ingiza gia, utazame tena. Tofauti kati ya hali hizi mbili inasema mengi. Maji yanayoingia chombo kikiwa kimetulia na kiasi chake hakibadiliki shafti ikizunguka hutoka kwenye mpira, klipu au bomba. Yanayoongezeka sana shafti ikizunguka hutoka kwenye pakini, au kwenye shafti inayotikisika. Yanayokuja injini ikiwaka hata gia ikiwa huru ni ya pampu ya maji ya bahari au ya bomba la moshi. Usisahau pia glandi ya mhimili wa usukani, ambayo huvuja zaidi chombo kinapotembea kwa kasi na mawimbi ya nyuma, maji yakateremka kimya hadi chini ya injini. Na uyaonje maji hayo. Kama si ya chumvi, tangi lako la maji ya kunywa ndilo linalovuja, na sote tutakuwa tumepoteza muda.

Nahodha wa Jahazi:

Nakubaliana na Fundi, nami niongeze upande wa vyombo vya mbao, maana majahazi na mashua nyingi za pwani hii sasa zina injini ndani na tatizo hili ni la kila siku.

Kwenye mbao, bomba la shafti hupita katika gogo la tezini, na glandi hufungwa kwa boliti juu ya gogo hilo, bila mpira katikati. Chombo kikikaa juu muda mrefu mbao hukauka na kusinyaa, kikirudishwa majini huvuja kando ya flanji, ule ukingo bapa unaopitishwa boliti, hadi mbao zivimbe tena. Ukikaza boliti siku ya kwanza ukiwa na hasira, mbao zikivimba utapasua kitu. Sisi husubiri siku mbili tatu tukifua maji, ndipo tunapoamua kama pana haja ya kukalafati (kuziba nyufa za mbao) upya au kubadilisha gasketi ya flanji.

Jambo jingine ni nyavu. Rafadha ikishika wavu au kamba iliyopotea, shafti huvutwa kwa nguvu, na pale bomba linaposhikana na chombo ndipo panapopokea adhabu. Namuuliza mwenye uzi: hukupata kukamata kamba hivi karibuni? Kwenye faiba, ufa wa hapo hauonekani mpaka uondoe rangi.

Mwenye Mashua (Tanga):

Nawashukuru kwa maelezo yaliyonifungua macho. Nahodha, sikukamata kamba kwa ninavyojua, na bomba la shafti mahali linapoingia kwenye faiba limebaki kavu kabisa, unga haukuguswa.

Nimefanya kama Fundi alivyoelekeza. Injini ikiwa imezimwa, unga ulianza kulowa chini ya mpira, nyuma ya klipu ya upande wa bomba, na ndani ya dakika chache maji yalikuwa yakitiririka kwa mstari mwembamba. Kwa kioo nimeona ufa unaofuata ukingo wa klipu. Kila upande una klipu moja tu, na skrubu ya klipu hiyo imeshika kutu ingawa utepe wake ungali unang'aa. Pia nimeona kwamba mguu mmoja wa injini, wa mbele upande wa kushoto, umelala chini kuliko wenzake na mpira wake umetokeza pembeni.

Maswali yangu ni mawili. Je, mpira huu naweza kuubadilisha chombo kikiwa majini? Na je, nitumie mpira gani, maana dukani wameniambia wa rejeta ya lori unafaa?

Fundi Mstaafu:

Umepata ugonjwa wenyewe, na umepata pia aliyeuleta. Mguu wa injini ukizama, shafti hukaa upande katika glandi. Pakini hubanwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, mpira hupindwa kila mzunguko, na ufa huanzia pale klipu inapobana. Ukibadilisha mpira bila kuinua injini, mwakani utarudi kwenye uzi huu huu.

Mpira wa rejeta usiufunge. Mpira wa glandi una kuta nene za matabaka mengi ya kitambaa na hauna waya ndani, kwa sababu unabeba uzito wa glandi na msokoto wa shafti pamoja na kuzuia maji. Ule wenye waya wa duara ndani nao haufai: waya hushika kutu mahali ulipokatwa na kula mpira kutoka ndani. Pima kipenyo cha nje cha bomba na cha shingo ya glandi kabla ya kuagiza, maana mara nyingine havilingani.

Klipu ziwe mbili kila upande, na skrubu zao zielekee pande tofauti, iwapo bomba lina urefu wa kutosha kuzibeba. Ukifika dukani nenda na sumaku. Utepe wa klipu nyingi za bei nafuu ni stenlesi nzuri isiyovutwa na sumaku, lakini skrubu ni ya chuma duni kinachovutwa, na ndiyo inayooza kwanza kama ulivyojionea. Chukua zile ambazo sumaku haishiki popote.

Sasa kuhusu majini au nchi kavu. Pakini peke yake huweza kubadilishwa chombo kikiwa majini, mzamiaji akizungushia plastiki na kamba mahali shafti inapotokea nje, na mtu wa pili akiwa kwenye pampu. Mpira ni habari nyingine, kwa kuwa ukiutoa hakuna kinachobaki kati yako na bahari. Tundu la kipenyo cha milimita 32 lililo nusu mita chini ya maji hupitisha karibu lita 90 kwa dakika. Pampu ndogo ya ngama haiwezi, na ndoo utachoka nayo.

Kwa bahati nzuri pwani yetu inatupa karakana bila malipo. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, katika Tanga na mkondo wa Zanzibar, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na kupwa huangukia karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo unapata mwanga wa kufanyia kazi. Ingiza mashua wakati wa maji kujaa alfajiri, iegemeze kwenye ukuta au nguzo imara ikiwa mkuku wake ni mwembamba, uipweleze mahali penye mchanga mgumu. Una saa tatu au nne za kazi kavu. Kila kitu kiwe mkononi kabla maji hayajashuka, na kaplingi, kiungo cha shafti na giaboksi, iwe imeshajaribiwa kufunguka tangu siku zilizotangulia, chombo kikiwa bado kwenye boya: hapo ndipo kazi hukwama.

Ili mpira utoke, lazima kaplingi itoke kwenye shafti, na kaplingi iliyokaa miaka mingi huwa imeshikana kwa kutu. Ondoa boliti za flanji na zile skrubu ndogo za kubania shafti, nyunyizia mafuta ya kupenya, uache yafanye kazi usiku kucha. Usipige nyundo kuelekea giaboksi. Beringi za ndani ndizo zitakazolipa. Njia iliyo bora ni kurudisha shafti nyuma kidogo, kuweka soketi ya spana, nyembamba kidogo kuliko shafti, katikati ya flanji mbili ikigusa ncha ya shafti, kisha kutumia boliti ndefu zaidi kuvuta flanji zikaribiane. Kaza kwa zamu, kidogo kidogo kila boliti, na kaplingi itavutwa ikiiacha shafti nyuma. Ikigoma kabisa, ikate kwa gurudumu na ununue mpya, shafti iokolewe. Kabla ya yote hayo angalia kwamba rafadha ina nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga usukani.

Shafti ikiwa huru, itikise kwa mkono pale inapotokea nje. Bushi ya mpira iliyomo humo hulainishwa na maji ya bahari, nayo huchakaa. Kwa shafti ya inchi moja, uchezaji unaozidi milimita 1.5 hivi unamaanisha bushi imekwisha, na bushi iliyokwisha hutikisa shafti hadi iharibu pakini mpya yoyote utakayoweka.

Mfuatiliaji:

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini Fundi asimshauri tu afunge glandi isiyodondosha, kama PSS au ile ya mpira ya Volvo Penta, ilhali kaplingi inatoka hata hivyo? Mimi ninayo ya aina hiyo na ngama yangu ina vumbi.

Fundi Mstaafu:

Ni swali la haki, na kama chombo kingekuwa chako ningekuambia ubaki nayo. Glandi ya PSS huziba kwa pete ya kaboni inayosukumwa na mpira wa mikunjo dhidi ya pete ya stenlesi inayozunguka na shafti. Ikifungwa vizuri haidondoshi. Lakini mpira huo wa mikunjo una umri, na mtengenezaji anataka ubadilishwe kila baada ya miaka 6. Skrubu ndogo zinazoshikilia pete ya stenlesi zikishafunguliwa hazirudishwi, huwekwa mpya. Chombo kikirudi majini lazima utoe hewa iliyonaswa ndani, la sivyo nyuso hizo mbili zitazunguka zikiwa kavu na kuungua. Ile ya Volvo Penta nayo hutaka hewa itolewe na grisi iongezwe kwa ratiba.

Hoja yangu kubwa ni namna inavyoharibika. Pakini ikichakaa hukupa taarifa kwa wiki nyingi, tone juu ya tone, na unaweza kuituliza kwa spana mbili ukiwa Pemba au Mafia. Mpira wa mikunjo ukipasuka, maji huja mara moja na kwa wingi, na kifaa chake hutakipata kisiwani. Zaidi ya hayo, glandi hizi hazivumilii shafti iliyokaa upande. Mwenye uzi angeifunga juu ya injini iliyozama mguu, nayo ingevuja.

Turudi kwenye pakini, maana hata yeye ataiweka mpya. Ng'oa pete zote za zamani kwa ndoano nyembamba, na uhakikishe ile ya mwisho imetoka. Mara nyingi hubaki chini ikiwa ngumu kama jiwe na fundi huweka mpya juu yake. Pima nafasi kati ya shafti na ukuta wa ndani wa nati. Kwa shafti ya inchi moja kwa kawaida ni robo inchi, na kamba ya milimita 6 si sawa na ya robo inchi, itacheza. Usizungushe kamba ndefu kama chemchemi. Kata pete moja moja ukiipima juu ya shafti yenyewe, mkato uwe wa mshazari, na maungio ya pete zinazofuatana yapishane kwa theluthi ya duara. Ile yenye grafati siipendi kwenye shafti ya stenlesi, kwa sababu grafati na chuma katika maji ya chumvi huanzisha ulaji. Ya kitani yenye nta au ya tefloni inatosha.

Mwenye Mashua (Tanga):

Narudi na taarifa. Tulipweleza chombo wakati wa bamvua kama ilivyoelekezwa. Kaplingi ilitoka kwa njia ya soketi, ingawa boliti moja ililia hadi sote tukarudi nyuma. Mpira wa zamani ulipokatwa ulikuwa umepasuka karibu nusu ya mzunguko wake, na uliobaki ulikuwa mwembamba. Bushi ina uchezaji mdogo, chini ya milimita 1, tumeiacha. Miguu yote minne ya injini tumeibadilisha.

Linalonitia wasiwasi ni shafti. Pale pakini ilipokuwa imebana pana mfereji unaosikika kwa kucha, na kando yake kuna vitundu vidogo. Je, niibadilishe shafti?

Fundi Mstaafu:

Mfereji unatokana na ule moto. Vitundu vina sababu nyingine: stenlesi hujilinda kwa hewa iliyomo katika maji, na chini ya pakini maji yakikaa bila kusogea hewa hiyo huisha, chuma kikaanza kuliwa. Ndiyo maana mashua inayokaa kwenye boya miezi bila kutembea huharibika shafti mapema kuliko inayofanya kazi. Hata usipotoka, zungusha shafti kwa mkono kila wiki.

Kama mfereji unasikika kwa kucha lakini hauna kina, ukate mpira mpya uwe mrefu kidogo kuliko wa zamani ili pakini ikae mahali pengine penye shafti laini. Sentimita 2 zinaweza kutosha, mradi kaplingi isiguswe na bomba libaki limeingia vya kutosha ndani ya mpira. Kama vitundu ni vya kina au kuna ufa wowote karibu na njia ya kii ya kaplingi, badilisha shafti bila kubishana nami.

Upangaji wa injini usiumalizie nchi kavu. Chombo hubadilika umbo kikiwa majini, na nyaya za mlingoti zikikazwa huvuta tezi juu kidogo. Kwa hiyo kaza nyaya kwanza, acha chombo kielee siku moja au mbili, kisha pima nafasi kati ya flanji kwa filageji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) juu, chini na pande zote mbili. Kwa flanji ya inchi 4 tofauti isizidi takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kazi ya kuchosha, ya kugeuza nati za miguu ya injini robo kwa robo, na mafundi wengi huiruka kwa sababu mwenye chombo haioni.

Baada ya hapo kaza nati ya glandi kwa mkono tu. Washa injini gatini, ingiza gia, usubiri. Ikidondoka sana ongeza sehemu ya sita ya mzunguko kwa spana, usubiri tena dakika kumi, ukigusa glandi kila mara. Iwe vuguvugu na siyo zaidi ya pale mkono unapoweza kutulia juu yake. Pakini mpya hujikalisha katika saa za mwanzo, kwa hiyo usitafute ukavu siku ya kwanza. Kisha funga nati ya kufungia. Ukiwa unasafiri kwa tanga na rafadha inazunguka yenyewe, kumbuka glandi inafanya kazi vilevile ingawa hakuna sauti ya injini, nayo inahitaji kutazamwa.

Na kwa kuwa shafti yako iko huru sasa, ongeza kola ya zinki juu ya shafti ndani ya chombo, mbele ya glandi, ikiacha nafasi kidogo. Boliti za kaplingi zikiachia siku ukiwa umeingiza gia ya nyuma, kola hiyo itaizuia shafti isitoke nje na kukuachia lile tundu la lita 90 kwa dakika.

Mwenye Mashua (Tanga):

Kola nimeipata, ya inchi moja, na nimeifunga. Injini imepangwa jana asubuhi. Upande wa chini ulikuwa na nafasi ya karibu milimita moja kabla ya kusahihishwa. Sasa ikiwa na gia ndani ninahesabu matone manne kwa dakika, na ikizimwa halidondoki hata moja. Nitaitazama tena baada ya safari ya Pemba, nikiwa na pakini ya akiba na zile spana mbili.